STAA, ALTEZZA NA FUNDI WA MBINGA: NANI HASA ALIYEMISI?

Mastaa wa Bongo gari ikiwa inang'aa wanaposti gari. Ikizingua, wanaposti fundi. Ndicho alichofanya msanii mmoja wa Dar, jina kapuni, aliyeshuka mkoani Ruvuma na Altezza yake kwenda kula bata ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mjini Mbinga sasa hivi, kijiweni, saluni mpaka stendi, stori ni hiyohiyo.

Klipu yenyewe ina sekunde 40. Anaonekana kijana mwenye ovaroli ya bluu ameinamia injini, ncha ya bisibisi ndefu ameigusisha kwenye injini na mpini wake kaubana sikioni. Nyuma ya simu anasikika staa: "Oneni wanangu, huku gari inapimwa kama mgonjwa wa kifua! Dogo anataka kuniulia chuma." Kicheko, kisha muziki, kisha kwisha. Komenti zikamiminika. Fundi trekta huyo. Mikoani bado sana. Bro badilisha nozeli zote ukimbie, huyo atakumaliza.

Siku tatu baadaye msaidizi wa fundi akapandisha video nyingine kutoka gereji ileile, hii ya dakika 11, bila muziki. Haikwenda mbali. Klipu ya kucheka watu hupanda ndege, ya kueleza jambo hupanda Fuso la mahindi. Lakini ukikaa ukazitazama zote mbili, unagundua aliyechekwa ndiye mtu pekee katika mkasa huu aliyejua anafanya nini, na staa anadaiwa posti moja.

Mkoko wenyewe

Kwanza gari ipewe heshima yake. Altezza si gari ya kubeza. Toyota waliitoa Japani mwaka 1998, ikabeba tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini humo kwa msimu wa 1998/99, na nje ya Japani ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Ya staa ni RS200, yenye injini ya 3S-GE, silinda nne, lita 2, gia sita za mkono, nguvu za farasi 210 ilipotoka kiwandani. Barabara ikinyooka, inaimba.

Tatizo ni umri. Utengenezaji wake ulisimama mwaka 2005, maana yake Altezza changa kuliko zote duniani imeshavuka umri wa kupiga kura. Mipira ya ndani imekauka, soketi za waya zimelegea, tangi lina mashapo ya miaka mingi, na nyingi zimepita mikononi mwa watu ambao hakuna anayejua walikuwa wanaziwekea wese gani. Gari ya namna hiyo inataka mtu wa kuisikiliza.

Staa hakuwa na muda huo. Kwa posti zake mwenyewe, kabla ya safari gari ilikuwa imeanza kumisi. Akiwa Dar alibadilisha plagi. Ikaendelea. Akabadilisha koili zote nne. Ikaendelea. Akabadilisha pampu ya mafuta, akaandika "sevisi ya kibabe", akapakia mabegi na washkaji, akaianza safari ya zaidi ya kilomita 900 mpaka Songea, halafu kama 100 nyingine mpaka Mbinga, halafu 66 za kuteremka mpaka Mbamba Bay.

Spea tatu tofauti, ugonjwa uleule. Huyo hakuwa anatengeneza gari. Alikuwa anacheza bahati nasibu, na kila tiketi ina bei.

Mlima ndio uliomuumbua

Kuteremka ilikuwa raha. Lami ya Mbinga kwenda Mbamba Bay inashuka kutoka kwenye milima ya Umatengo, penye kahawa na mashimo ya ngoro yaliyopangwa kwenye miteremko, mpaka ziwani ambako ni chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mguu haugusi sana mafuta. Gari haibebi kazi. Wakala mbasa na ugali, wakapiga picha kwenye mawe ya ufukweni, wakalala.

Kurudi ndiyo kazi. Mbinga iko zaidi ya mita 1,000 juu, na Altezza yenye watu wanne na mabegi ilipoanza kupanda ikaanza kukohoa. Kila akikanyaga, inatetemeka, inavuta kwa kukatakata, Noah ya abiria inampita. Ndipo wakafika Mbinga, wakaelekezwa kwa fundi ambaye riziki yake ya kila siku ni Canter za kahawa, Noah na pikipiki.

Staa alifika na jibu mkononi: petroli ya Nyasa imeharibu nozeli, afungiwe nyingine nne. Fundi akamjibu, na hii imo kwenye video ndefu: "Kaka mkubwa, nipe lisaa limoja. Nikikuuzia nozeli nne bila kupima, nitakuwa nakuibia."

Sentensi hiyo haikuingia kwenye klipu ya sekunde 40.

Alichokifanya kwa lisaa limoja

Nozeli ni vali ndogo ya umeme. Ndani yake kuna koili ya waya na sindano. Komputa ya gari ikitoa amri, sindano inanyanyuka kwa milisekunde chache, petroli yenye presha inatoka kama ukungu, sindano inafunga. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kulishwa mara 25 kwa sekunde moja. Uchafu mdogo tu ukiziba tundu, ukungu unageuka mchuruziko au unapungua. Gari ikiwa imesimama unaweza usione kitu. Ukiipandisha mlima, silinda inataka chakula kingi, haipati, inakosa moto. Hiyo ndiyo misi.

Ila misi haina saini ya nozeli. Plagi iliyochoka inamisi. Koili iliyokufa inamisi. Waya uliokatika, hewa inayoingia pasipotakiwa, kompresheni iliyoshuka, zote zinamisi. Hata mashine ya kupimia mara nyingi inakutajia silinda tu. Kodi ya P0303 inakwambia silinda ya 3 inakosa moto, haikwambii kwa nini. Na gari nyingi za Kijapani za miaka hiyo hata hiyo kodi hazikupi ukichomeka mashine ya kawaida.

Kwa hiyo fundi akaenda hatua kwa hatua.

Aliwasha injini, akawa anachomoa soketi ya koili moja baada ya nyingine, sekunde chache tu kisha anarudisha, maana ukiacha muda mrefu petroli isiyoungua inakwenda kuharibu bomba la moshi. Silinda ya 1, injini ikashuka ikatetemeka. Ya 2, hivyohivyo. Ya 4, hivyohivyo. Ya 3, kimya, hakuna kilichobadilika. Silinda ambayo ukiizima injini haihisi, hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo.

Akahamisha koili na plagi ya silinda ya 3 kwenda ya 2. Akapima tena. Misi ikabaki palepale kwenye 3. Hapo koili na plagi zikaachiwa huru.

Kisha bisibisi, ile iliyochekesha watu. Chuma kinabeba sauti. Ukigusisha ncha kwenye nozeli na kuweka mpini sikioni, unaisikia sindano ikigonga: tik, tik, tik. Zote nne zilikuwa zinagonga. Maana yake umeme unafika, amri ya komputa inafika, na sindano inatembea, kwa hiyo waya na komputa vinaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Kipimo cha dakika mbili, cha bure, na mafundi wa miji mikubwa duniani wanakitumia mpaka leo. Mwenye kifaa cha kisasa anatumia kifaa. Asiye nacho anatumia bisibisi, na sauti ni ileile.

Akachukua mita, akapima ukinzani wa nozeli zote nne. Zilikuwa zinakaribiana, ndani ya om 12 hadi 16 ambazo ni kawaida kwa nozeli za aina hii. Koili ya ndani ni nzima. Lakini akamwambia staa jambo ambalo wengi hawalijui: nozeli kugonga na kusoma vizuri kwenye mita kunathibitisha umeme tu. Mita haioni uchafu.

Ikabaki kazi ngumu, akaiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayokula muda. Injini ikapoa, presha ya mafuta ikatolewa, sigara ya mshkaji mmoja ikazimishwa kwa ukali. Kila nozeli ikawekwa alama kwa kalamu nyeupe, 1 mpaka 4, mbele ya kamera. Nozeli ya 3 ikahamia 1, ya 1 ikahamia 3, kwa oringi mpya. Akawasha.

Misi ikahamia silinda ya 1.

Kesi ikaisha hapo. Silinda ya 3 yenyewe, kompresheni yake na waya wake vyote vikasafishwa jina kwa mpigo mmoja, kwa sababu kasoro ilimfuata mwenyewe. Nozeli moja ilikuwa chafu. Tatu hazikuwa na neno. Akaisafisha kwa dawa kwa kadiri vifaa vyake vilivyoruhusu, akairudisha, gari ikatulia, akamwambia staa ukweli kwamba hiyo ni ya kumfikisha nyumbani tu. Akifika Dar apeleke zote nne kwenye mashine ya kusafishia, zipimwe pamoja zinamwaga kiasi gani, na abadilishe filta ya mafuta. Hela aliyochukua haifiki bei ya koili moja kati ya zile nne.

Posti ya staa akiwa Makambako njiani kurudi bado ipo. Sikiliza injini nyuma ya sauti yake. Haikohoi.

Wanaojipongeza

Wapo waliokomenti "nozeli" tangu siku ya kwanza na sasa wanatembea vifua mbele. Taratibu. Walisema "badilisha nozeli zote nne", na tatu kati ya hizo zilikuwa nzima. Staa angewasikiliza, angenunua nne za mtumba ambazo hakuna aliyezipima, azifunge, na aombe Mungu isiwepo chafu nyingine humo. Kupatia kwa kubahatisha kunafundisha kitu kibaya: mtu anadhani amejua, mara nyingine anabahatisha tena na hela ya mwenzake.

Wapo pia waliolaumu petroli ya chupa, kwa sababu staa alionekana akijaziwa kwa kidumu kijiji kimoja cha ufukweni. Hofu hiyo haikutoka hewani. Nchi hii iliwahi kuteswa na petroli ya kuchanganywa na mafuta ya taa mpaka neno "kuchakachua" likahama kutoka kwenye vituo vya mafuta likaingia kwenye siasa, na mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana wachakachuaji. Petroli ya kidumu haina dhamana, na hakuna haja ya kuitetea.

Ila katika kesi hii ina ushahidi wa kutokuwepo eneo la tukio. Kuna klipu ya staa mwenyewe akiwa Songea, siku mbili kabla hajaliona ziwa, anapiga resi kuwatambia mashabiki. Mashabiki wenye masikio wameishaikata na kuiposti upya: injini inakohoa vilevile. Misi ilisafiri kutoka Dar. Watu wa Nyasa hawakumwuzia.

Na mwinuko? Kweli, hewa ikiwa nyepesi injini isiyo na tabo inapoteza nguvu, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Lakini mwinuko hauchagui silinda. Ungezichosha zote nne kwa usawa. Mlima ulimfichulia tu alichokuwa amekibeba.

Ukweli usemwe pande zote

Staa ana haki ya kuwa na wasiwasi. Mafundi matapeli wapo, na mwenye gari ya mbali ndiye chakula chao. Kuna anayechomoa spea yako nzima akakurudishia mbovu, kuna anayetengeneza kimoja akaharibu viwili ili urudi. Mtu akisimama juu ya injini yake na simu mkononi anarekodi, hakosei. Arekodi.

Lakini arekodi mpaka mwisho. Dogo wa Mbinga alifanya kila kitu ambacho tapeli hafanyi. Alikataa kuuza spea kabla ya kupima. Aliweka alama mbele ya kamera. Alianza na vipimo vya bure. Alitaja mipaka ya kazi yake. Tapeli anakupa jibu haraka na bili ndefu. Huyu alitoa jibu polepole na bili fupi.

Na sasa chukua kipimo chake mwenyewe ukitumie kwenye lawama. Hamisha kitu kimoja, uone kasoro inabaki au inahama. Staa alikuwa na fundi wa Dar, gari ikamisi. Akapita Songea bila fundi yeyote, gari ikamisi. Akaweka petroli ya Nyasa, gari ikamisi. Alipofika kwa dogo wa Mbinga, gari ikaacha kumisi. Kila kitu kilibadilishwa njia nzima isipokuwa nozeli moja na tabia ya mwenye gari ya kununua spea kabla ya kuuliza swali. Nozeli imesafishwa.

Kwa nini hii si stori ya kupita

Kwa staa ilikuwa sekunde 40 za kuongeza vyuzi. Kwa dogo ni riziki. Mbinga si Dar, huko jina la fundi ndilo bango lake. Msimu wa kahawa ndio hela inazunguka, ndio Canter zinafanya kazi usiku na mchana, ndio fundi anapata ya kumvusha mwaka. Kwenye video ndefu msaidizi anasema wazi kwamba wateja wawili wa gari ndogo waliokuwa wameahidi kuja walighairi baada ya klipu. Mmoja aliandika kabisa: "Nimeona jinsi mnavyopima na bisibisi, nitasubiri nikienda Songea."

Atakwenda Songea, kilomita kama 100, kutafuta kipimo ambacho alikuwa nacho mlangoni. Yeye naye kala hasara, na hajui.

Mkulima wa Umatengo akipeleka kahawa yake kwenye chama, gunia halipewi daraja kwa kutazamwa kwa nje. Linafunguliwa, buni zinaangaliwa. Hiyo ni heshima ndogo ambayo kila mtu wa huko anaifahamu. Fundi aliipa gari ya staa heshima hiyo. Yeye hakupewa, alitazamwa ovaroli na bisibisi akapewa daraja.

Kinachotakiwa si kikubwa. Hakuna anayedai staa apige magoti laivu wala aandike waraka. Ile video ya dakika 11 ipo, achukue kile kipande cha misi kuhama kutoka 3 kwenda 1, akiposti kwenye ukurasa uleule uliobeba kicheko, aweke maneno matatu: "Dogo alikuwa sahihi." Mashabiki wake hawatapungua. Wenye Altezza, Mark II na Subaru za zamani, ambao wengi wao ndio hao hao mashabiki, watajifunza kitu cha kuwaokolea hela. Na dogo atarudishiwa jina lake kabla msimu haujaisha.

Au aifute ile klipu kimyakimya. Hata hiyo ni nusu ya deni.

Wewe mdau unasemaje, staa aposti au akaushe? Na je, ushawahi kubadilishiwa spea nzima kwa kubahatishwa? Dondosha maoni yako hapo chini, ila majina ya watu yabaki kapuni.